Tupeane uzoefu: muziki ulivyokusaidia kumsahau aliyekuumiza

Mleta mada, Mbeya: Jana nimepanda daladala Kabwe, dereva akaweka wimbo ambao mtu fulani alikuwa akinipigia kila usiku. Nilishuka Nane Nane, nikamalizia kwa miguu hadi Uyole. Wenzangu mlivukaje?

Makambako: Zangu nilizifuta zote kwenye simu.

Mafinga: Kufuta si dawa. Mimi niliurudia mmoja wiki nzima, mwisho ukabaki wimbo tu.

Iringa mjini: Huko ni kujitonesha kidonda! Weka singeli, ruka mpaka jasho likutoke.

Dada wa Njombe: Ngoja niseme yangu. Tulikuwa kwaya moja, mimi sauti ya pili, yeye besi. Miaka 4, kwetu wanamfahamu. Akaanza kukosa mazoezi. Jumapili moja nikiwa kwenye benchi la kwaya na sare yangu, yakasomwa matangazo ya ndoa: jina lake na la binti mwingine. Nikayasikia Jumapili 3 mfululizo.

Na siku ya ndoa kwaya ndiyo inaimba. Mama akasema, mwanangu, baki nyumbani. Nikaenda. Ilikuwa Julai, baridi ya kwetu mnaijua, tukifungua midomo unatoka mvuke. Ubeti wa kwanza koo likakaba. Mwenzangu wa kulia akanigusa kiwiko, akaikaza sauti ya pili mpaka nikaidaka. Ukilia, pumzi inakatika katikati ya mstari, na mimi niliutaka mstari ufike mwisho. Kilio kikangoja. Maharusi walipotoka nikaenda nyuma ya kanisa nikalia vizuri, nikarudi kukunja nyaya za spika.

Makambako: Pole sana dada. Nimeisoma mara mbili.

Iringa mjini: Viongozi wa kwaya walikosea. Wangekupumzisha.

Dada wa Njombe: Usiwalaumu, kaka. Nilikataa mwenyewe kupumzishwa.

Tukuyu: Wazee wetu Wanyakyusa walipiga ngoma hata msibani, watu wakacheza huku wanalia. Hawakungoja machozi yakauke. Dada, ulifanya cha kwetu.

Mafinga: Mkaka bado yuko besi?

Dada wa Njombe: Alihama mji. Nafasi yake ilikaa wazi hadi Pasaka. Sasa yupo kijana wa kidato cha 4, sauti ndiyo kwanza inavunjika. Alhamisi namfundisha noti zake.