Wizi wa simu umegeukaje kuwa wizi wa mabavu?

MamaKisauni:
Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 20, alikamatwa pamoja na mwenzake baada ya abiria kunyang'anywa simu stejini. Hapakuwa na kisu wala panga, ila abiria alisukumwa akaanguka. Nilidhani atashtakiwa kwa wizi, lakini hati ya mashtaka inasema wizi wa mabavu. Ndugu zangu mnaoifahamu sheria ya Kenya, nielezeni tofauti, kwa kuwa dada yangu hapati usingizi.

KaraniMstaafu:
Pole sana, mama. Thamani ya simu haitazamwi hapa; kinachotazamwa ni jinsi ilivyochukuliwa. Katika Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3, lakini kitu kikichomolewa mwilini mwa mtu, kifungo chaweza kufika miaka 14. Nguvu au vitisho vikitumika, huo ni unyang'anyi, nao pia una miaka 14. Unyang'anyi hupanda kuwa wizi wa mabavu mshtakiwa akiwa na silaha hatari, au akiwa na mtu mwingine hata mmoja, au akimpiga au kumjeruhi aliyeibiwa, na jambo moja tu kati ya hayo linatosha. Kijana wenu alikuwa na mwenzake, na abiria akasukumwa. Adhabu iliyoandikwa ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu 1987. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 katika kesi ya Muruatetu, ulioondoa ulazima wa hukumu ya kifo, ulihusu mauaji pekee, si wizi wa mabavu, kama mahakama hiyo ilivyofafanua 2021.

WakiliKijana:
Naomba kuongezea, kwa sababu familia nyingi hukata tamaa mapema mno. Ibara ya 49 ya Katiba inampa kila mshtakiwa haki ya dhamana, hata kwa kosa la kifo, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Isitoshe, upande wa mashtaka ukishindwa kuthibitisha kile kilicholipandisha kosa, hakimu anaweza kumtia hatiani kwa kosa dogo zaidi. Kwa hiyo asikiri lolote kabla ya kuonana na wakili, na ikiwa hamna uwezo wa kumlipa, aiombe mahakama impe wakili wa serikali chini ya Ibara ya 50. Je, alijibu nini mbele ya hakimu?

MamaKisauni:
Alikana, mwanangu. Kesi itatajwa Jumatatu, na nitamwambia aombe wakili siku hiyo hiyo.