Sola ya Kishapu kwenye gridi: itatushushia uniti au ndo mzigo mwingine?

Ng'wana Igoma:
Wakuu salama? Juzi natoka Shinyanga kwenye basi, mzee niliyekaa naye kaninyooshea kidole upande wa Kishapu anasema kule ndani kuna shamba la vioo, sola ya serikali, awamu ya kwanza megawati 50 na zikikamilika zote 150. Tangu hapo najiuliza. Bwawa la Nyerere kule Rufiji tumelijenga kwa trilioni 6 na nusu, mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Aprili 2024 mashine zenyewe ndo kwanza zinaanza kuwashwa tukaambiwa umeme umezidi, vituo vitano vya umeme wa maji vikazimwa. Halafu mimi huku Igoma, Mwanza, jumamosi nimekaa giza kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku nasikiliza mbu. Kama umeme umejaa, sola ya nini? Na itanishushia uniti au nitaongezewa? Maana sasa hivi buku inanipa uniti 2.8, na kabla sijaziona 1,500 ya kodi ya jengo imeshakatwa kwenye LUKU. Naomba wanaojua, siasa hapana.

Wa Pasiansi:
Unaomba mada ya umeme isiwe na siasa kwenye nchi ambayo Waziri Mkuu alijiuzulu 2008 kwa mkataba wa umeme wa dharura. Haya bwana, navuta kiti.

Injinia wa Mtaani:
Igoma, umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika kwako ni vitu viwili. Rufiji iko pwani, sisi tuko mwisho wa waya. Waya ukiwa mrefu unakula umeme njiani na volteji inashuka, ndo maana Machi 2025 Rais alisema mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme wa Ethiopia unaopitia Kenya. Watu walipiga kelele kweli, bwawa tunalo tunanunua kwa jirani, lakini hoja ilikuwa hiyo hiyo ya waya. Kishapu na Mwanza ni pua na mdomo.
Ila msidanganyike na hizo 50. Sola ya 50 ukiitandaza kwenye saa 24 unabaki na kama 10, maana usiku ni sifuri na mawingu nayo yapo. Na nchi hii inakula umeme mwingi saa moja mpaka saa nne usiku, taa, tivii, pasi za shule, na muda huo jua lishalala. Faida mi naiona kwingine: mchana sola ikifanya kazi, unabana maji pale Mtera na Kidatu yanakusubiri jioni. Bwawa linakuwa betri, tena betri ambayo ulishailipia. Mwishoni mwa 2021 mvua zilipogoma tulikula mgao kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia kina cha bwawa. Hiyo ndo hesabu ya kujadili, gharama ya paneli yenyewe siku hizi sio tatizo kubwa, tatizo ni kinachokuvusha kutoka saa kumi na mbili jioni kwenda asubuhi.

Mbezi Original:
Injinia umeandika kama kitabu ila sola kwenye gridi ni majanga. Hispania na Ureno Aprili 2025 nchi mbili nzima zimezima mchana kweupe, jua linawaka, chanzo sola. Wazungu wenyewe imewashinda. Halafu nyie watu wa kanda ya ziwa punguzeni kulialia, wavuvi wenu wa dagaa kila usiku wanatumia sola na vibetri vya elfu thelathini na hawajawahi kulalamika, nyie mliokaa mjini mnataka kila kitu mletewe.

Mwalo wa Kayenze:
Vibetri vya ELFU THELATHINI????
Mbezi rudi hapa. Betri N70, zile kama za gari, ya maana kwa elfu thelathini hupewi hata kifuniko. Mi nina mitumbwi miwili, nakuelezea kitu nakijua. Jioni tunatoka mwaloni, giza la mwezi, taa zimefungwa kwenye maboya, kila taa na betri yake. Saa nane usiku dagaa ndo wamejikusanya chini ya taa wanachemka kama maharage, umebaki kuzungusha nyavu, taa moja inaanza kuwa ya njano. Ukiona njano umekwisha. Dakika chache imekufa na dagaa wake wametawanyika, na huwezi kwenda kuchaji katikati ya ziwa. Unarudi asubuhi na nusu mtumbwi, vijana sita wanakutazama. Halafu mtu amekaa Mbezi anasema hatulalamiki. Tunalalamika ila wewe husikii maana upepo unatoka ziwani kwenda Sengerema hauji Dar.

Mzee wa Mwaloni:
Ndo niliwaambia vijana wakanicheka. Karabai haikuwa na mambo ya njano. Unajaza mafuta ya taa, unapiga pampu, inaunguruma mpaka alfajiri. Ikififia unapiga pampu tena. Dagaa wa karabai walikuwa wengi.

Mwalo wa Kayenze:
Shikamoo mzee. Dagaa walikuwa wengi kwa sababu wavuvi walikuwa wachache, karabai isipewe sifa isiyo yake. Mafuta ya taa ya usiku mmoja umepiga hesabu yake siku hizi? Na tone la maji likigusa kile kinachowaka ndani kinabomoka, kioo nacho kinapasuka, na upepo wa ziwa unaujua.

Mzee wa Mwaloni:
Marahaba. Kioo kinapasuka kwa asiyejua kushika. Mimi karabai moja nimekaa nayo miaka tisa. Wewe betri umekaa nayo miaka mingapi?

Mwalo wa Kayenze:
Mwaka na nusu mzee, sikufichi.

Wa Pasiansi:
Mwaka na nusu kwa tisa. Karabai inaongoza kipindi cha kwanza.

Fundi Chaji Mabatini:
Mwaka na nusu ni kwa sababu mnazikamua mpaka tone la mwisho. Betri ya maji usiishushe chini ya nusu, kila siku nawaambia wateja hapa kibandani. Mtu analeta betri imevimba seli zimekufa anasema nimeuziwa feki. Feki zipo, sikatai, kuna paneli imeandikwa wati 200 ukiipima haitoi 90. Lakini betri nyingi zinauawa na mwenyewe. Ukitaka taa iwake mpaka alfajiri nunua betri mara mbili ya unavyodhani unahitaji, au ingia kwenye lithiamu, ghali mwanzoni ila unaikamua karibu yote haikununii. Ndo hapo watu wanakimbia. Wanapenda paneli, betri hawaitaki.

Mbezi Original:
Kwahiyo mmekubali wenyewe kwamba sola haifai bila betri ya bei mbaya. Asanteni. Kesi imefungwa.

Injinia wa Mtaani:
Haijafungwa, ndo kwanza imefunguliwa, na nilishasema bwawa ndo betri ila hakuna aliyenijibu. Kuhusu Hispania, ilikuwa tarehe 28 Aprili, saa sita na nusu mchana. Ripoti ya serikali yao iliyotoka Juni ilisema volteji ilipanda kupita kiasi, mitambo ikaanza kujitoa mmoja baada ya mwingine ili isiungue, na mitambo ya kawaida, sio ya sola, iliyokuwa na kazi ya kuituliza volteji haikuituliza inavyotakiwa. Walipowasha upya wakaanza na maji, na umeme wa kuazima Ufaransa na Moroko.
Ulipo na ukweli kidogo ni hapa. Umemuona yule mnoa visu wa baiskeli anayepita mitaani? Akiacha kukanyaga pedeli, jiwe linaendelea kuzunguka muda, uzito wake unalibeba. Mashine za maji na gesi ziko hivyo, ni chuma kizito kinazunguka, kituo kimoja kikidondoka zile nyingine zinakupa sekunde kadhaa za kujipanga. Sola haina jiwe. Wingu likipita imeshuka saa hiyo hiyo. Sio kwamba haiwezekani, inabidi ununue vifaa vya kufanya kazi ya lile jiwe, na hiyo ndo bei ambayo haipo kwenye hotuba za uzinduzi.

Mbezi Original:
Umesoma chuo gani maana unaongea sana.

Injinia wa Mtaani:
Chuo cha kulipwa kwa kuongea sana ningekuwa nishahama Mabatini.

Mama Sangara Nyegezi:
Jamani mnaongea karabai na Hispania, mimi nina friza mbili. Nauza samaki. Nilikuwa kwenye ile bei ya shilingi 122 kwa uniti, nikaongeza friza la pili, matumizi yakapita uniti 75 kwa mwezi nikahamishiwa bei kubwa. Sio mbaya, ndo biashara. Ila umeme ukikatika saa sita mchana na sangara wa kilo nane wamelala mle ndani, nakaa nagusa mlango wa friza kama nampima mtoto homa. Nimeshawahi kutupa. Fundi mmoja, simtaji, aliniuzia inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na betri akasema itabeba friza mbili usiku kucha. Ilibeba saa moja na dakika kumi. Nilipomrudia ananiambia mama, friza linavuta sana likianza. Sasa si ungeniambia kabla? Swali langu kwa Injinia kaka yangu, hiyo Kishapu ikiwaka, umeme utaacha kukatika Nyegezi?

Injinia wa Mtaani:
Dada yangu, nisikudanganye. Kukatika kwako mara nyingi ni transfoma, nguzo, tawi la muembe kwenye waya. Kishapu haitakata tawi la muembe. Itasaidia volteji ya ukanda wetu isinyong'onyee mchana, na zile mashine za mafuta mazito za Nyakato zipumzike maana umeme wa mafuta ndo ghali kuliko yote. Ila laini za mtaani ni hela nyingine kabisa, na watu hawapendi kuzindua transfoma.

Mama Sangara Nyegezi:
Wabeja. Angalau umesema.

Mkerewe Tuliza:
Niongezee kidogo upande wa visiwani. Ukara ilifungwa sola ya kijiji, paneli, betri, mita, kila kitu. Umeme ulikuwepo kweli, saluni zikafunguliwa, vijana wakaanza kunyoa kwa mashine. Ila bei ya uniti ilikuwa haisogeleani na ya bara, mpaka serikali ikaingilia ikashushwa. Wenye mradi wanasema betri ni ghali na wateja wachache, mwananchi anasema kwanini mimi wa kisiwani nilipe mara kadhaa ya mtu wa Nyamagana. Wote wanasema kweli, hapo ndo pagumu.

Mbezi Original:
Ndo maana nasema maji. Maji hayana betri hayana mawingu.

Wa Pasiansi:
Maji hayana mawingu! Mkuu mvua huwa inatoka wapi, kwenye bomba?

Mkerewe Tuliza:
Na hayo maji usiyaimbie sana. Ziwa hili hili, pale Jinja linapotokea, Uganda walilifungulia zaidi ya makubaliano kuendesha mitambo, na ukame juu yake, mwaka 2006 ziwa likashuka mpaka magati ya huku yakabaki yananing'inia. Halafu Aprili 2020 limejaa hadi linafukuza watu, kisiwa kizima cha magugu kikang'oka kikaelea mpaka kwenye mitambo ya Jinja, nchi nzima ya Uganda ikazima. Majani tu. Kwahiyo hakuna umeme usio na shida zake, hata wa Mungu.

Mwalo wa Kayenze:
Kisiwa kinachoelea nimekiona kwa macho, kilikuja na nyoka. Mzee wa Mwaloni atasema ni sababu ya taa za sola.

Mzee wa Mwaloni:
Sijasema. Ila wakati wa karabai hakikuja.

Fundi Chaji Mabatini:
😂😂😂 mzee apewe soda.
Jirani zetu Kenya nao walijenga mitambo ya upepo kule Turkana, megawati 310, ikakamilika 2017, waya wa kuutoa umeme haupo. Ikakaa inatazama ngamia mpaka 2018, na mwenye mtambo akadai fidia ya mabilioni akalipwa. Kwahiyo Kishapu mkisikia imezinduliwa muulizieni na waya.

Mbezi Original:
Fundi, hiyo lithiamu ya taa za dagaa bei gani? Nina shemeji yangu yuko Igombe anataka kuanza uvuvi.

Mwalo wa Kayenze:
Si ulisema elfu thelathini?

Mbezi Original:
Acha hizo kaka, nauliza kwa heshima.

Fundi Chaji Mabatini:
Aje kibandani na taa zake nizipime zinavuta kiasi gani, bei ya hewani siipi. Na aje mchana, usiku natumia karabai.

Mzee wa Mwaloni:
Mmemsikia?

Ng'wana Igoma:
Jamani mada yangu ilikuwa Kishapu.

Wa Pasiansi:
Kishapu hakuna dagaa mkuu. Mzee, hebu malizia, hiyo karabai ya miaka tisa ilikuwa ya aina gani?