Msaada: kuvua trauti Ziwa Taneycomo (Missouri) bila boti

Mshipi Mrefu
Habari zenu wakuu. Niko Springfield, Missouri, na nimezoea mshipi wa mkono wa Tanganyika. Nataka kuvua trauti Taneycomo, pale Branson, nikiwa ukingoni kwa sababu boti sina. Samaki ni wa kula nyumbani, na nitakuwa na kijana wangu wa miaka 14. Vifaa nilivyonavyo ni fimbo moja ya futi 6 yenye rili ya kawaida, mshipi wa kuhimili ratili 12, ndoano namba 2 na kopo la chambo cha donge, kile laini kama ugali. Maji ni maangavu, samaki wanaonekana wakipita, ila hakuna anayegusa. Shida ni vifaa au ni mahali? Leseni zinatakiwa ngapi? Na kile king'ora cha bwawani kikilia maana yake nini?

KigomaKwetu
Mkuu, kabla ya kubadili ndoano jua kwanza umesimama wapi, maana ziwa hilo kisheria limegawanyika.

Futi 760 za mwanzo chini ya ukuta wa Table Rock, lile bwawa lililo juu ya ziwa, hakuna kuvua kabisa. Kuanzia hapo mpaka mdomo wa kijito cha Fall Creek ni nzi bandia (ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) na chambo bandia kigumu tu. Hilo donge lako, nyungunyungu, mayai ya samaki, hata vile vidudu vya plastiki laini, ukikutwa navyo kwenye ndoano umevunja sheria. Kwenye kipande hicho trauti wa upinde wa mvua (yule mwenye mstari wa waridi ubavuni) akiwa kati ya inchi 12 na 20 anarudi majini. Wengi hukosea hapa, wanadhani mkubwa ndiye halali. Inchi 14 ndiye mtamu wa kukaanga na ndiye hasa asiyeruhusiwa.

Ukishapita Fall Creek kushuka chini, donge ruksa na minyoo ruksa. Kwa mtu anayetaka kitoweo, huko ndiko kwenu. Jaribu Cooper Creek, au teremka mpaka Rockaway Beach. Kwa siku ni trauti wanne kwa mtu, na ndani ya hao wanne trauti wa kahawia ni mmoja tu, tena awe na inchi 20 au zaidi, popote ziwani. Samaki hupimwa kwa kumlaza, mdomo umefungwa, ncha za mkia zimebanwa pamoja.

Mama Upendo
Kuhusu leseni, ndugu yangu: ukishakaa Missouri siku 30 na makazi yako ni hapo, unanunua ya mkazi, usikubali kuuziwa ya mgeni. Juu yake unaongeza kibali cha trauti. Kuanzia daraja la barabara kuu ya 65 kupanda juu kibali hicho ni lazima hata kama samaki wote unawarudisha. Chini ya daraja ni lazima pale tu unapomchukua trauti. Kijana wako akiwa chini ya miaka 16 hahitaji leseni ya kawaida, lakini kibali cha trauti kipo cha watoto kwa bei ndogo, mkatie ili awe na wanne wake. Vyote vinapatikana kwenye programu ya simu ya idara ya uhifadhi ya jimbo.

Jumamosi na Jumapili zinazofuata Jumatatu ya kwanza ya Juni leseni haziulizwi, ila idadi na vipimo vinabaki pale pale.

Baharia wa Bara
Nije kwenye vifaa. Trauti huyu ndiye yule yule wa mito ya Mlima Kenya, macho makali, na maji ya Taneycomo ni kioo. Mshipi wa ratili 12 anauona kama kamba ya kuanikia nguo. Uweke kando.

Jaza rili mshipi wa ratili 4, rangi isiyoonekana. Pitisha chubwi lenye tundu, la thuluthi moja ya robo aunsi hivi, yaani dogo kabisa dukani, kisha funga kipete kidogo cha kuzunguka ili chubwi lisishuke mpaka kwenye ndoano. Upande wa pili wa kipete funga kipande cha mshipi wa ratili 2 au 4, urefu inchi 18, mwishoni ndoano namba 10. Hiyo namba 2 yako ni ya kambare.

Donge linaelea, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Likiwekwa kidogo, ndoano inalizamisha, chambo kinalala kwenye majani na samaki anapita juu yake. Bana donge la ukubwa wa mbaazi, lifunike ndoano yote pamoja na ncha, halafu liviringishe liwe laini. Lijaribu miguuni kwako kabla ya kurusha: likipanda, sawa, likizama, ongeza. Ukitumia nyungunyungu, kata nusu, mpulizie hewa kwa sindano maalumu inayouzwa pamoja na chambo, naye ataelea vivyo hivyo. Sindano hiyo usiielekeze kidoleni, hewa ikiingia chini ya ngozi si mchezo.

Rusha, acha chubwi lifike chini, kaza mshipi mpaka unyooke, kisha fungua breki ya rili iwe laini. Trauti anakichukua na kukimbia. Breki ikiwa ngumu mshipi wa ratili 4 unakatika fundoni. Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulivuta, likikazwa kavu linaungua na kudhoofika.

Chubwi Zito
Hapo kwenye chubwi, @Baharia, "thuluthi ya robo" itamchanganya muuzaji. Mkuu omba 1/8 ya aunsi kwa maji yaliyotulia. Maji yakikimbia ongeza kidogo kidogo mpaka usikie linagonga chini, linatulia, linagonga tena. Likiburuzika mfululizo ni jepesi mno. Lisipotikisika ni zito mno.

Baharia wa Bara
Sawa, 1/8 nakubali.

Mzee wa Mkondo
Mmemwacha na swali la king'ora, na ndilo linaloua.

Taneycomo lilizuiwa 1913 kwa bwawa la Powersite, likawa ziwa la maji ya vuguvugu. Table Rock lilipokamilika 1958 juu yake, maji yakaanza kutolewa kutoka kina kirefu kupitia mitambo ya umeme. Ndiyo sababu leo kuna trauti, na ndiyo sababu maji ya huko juu yana baridi ya nyuzi 9 hivi za Selsiasi hata mwezi wa saba. Mitambo ni minne. Ikiwa imezimwa, sehemu za juu unaweza kutembea hadi magotini. King'ora kikilia, mitambo inawashwa, na mahali palipokuwa magoti panakuwa kifua na mkondo juu yake.

Kwa hiyo kikilia, toka. Usimalizie kurusha. Toka upande ulipoacha gari, kwa sababu wanaokimbilia kisiwa cha kokoto katikati ndio wanaokwama. Mbali na bwawa, au upepo ukiwa mkali, unaweza usikisikie. Ukifika tu, chagua jiwe lililo nusu ndani ya maji karibu nawe, uwe unalitupia jicho. Likizama, hiyo ndiyo ishara yako. Majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, ishara ni ile ile.

Ratiba ya kuzalisha umeme hutangazwa, iangalie asubuhi kabla ya kuondoka Springfield, lakini inaweza kubadilika mchana huo huo umeme ukihitajika. Pamoja na kijana, mimi ningebaki ukingoni chini ya Fall Creek, nisiingize mguu majini kabisa.

Jambo jingine: kuanzia Septemba mpaka mwanzo wa baridi, maji ya kina cha Table Rock huwa yamepungukiwa oksijeni, kwa sababu maji ya juu na ya chini hayajachanganyika tangu kiangazi. Trauti wa karibu na bwawa huchoka haraka. Wa kurudishwa usimwinue kupiga picha; mtoe ndoano akiwa ndani ya maji. Akiwa ameimeza, kata mshipi karibu na mdomo.

Mshipi Mrefu
Asanteni sana wakuu. Maswali mawili yamebaki. Nimeona viatu vya mtumba vya kuingilia majini, soli zake kama zulia, bei poa. Na je, kimia naweza kutumia, hata kwa chambo tu?

KigomaKwetu
Viatu hivyo acha. Soli za zulia zimepigwa marufuku Taneycomo na kwenye maji mengine ya trauti Missouri tangu 2012, maana hubaki na unyevu na kubeba mwani vamizi kutoka mto mmoja hadi mwingine. Chukua soli za mpira zenye njumu. Na suruali ya mpira ifunge mkanda kiunoni, ukianguka isijae maji.

Kimia kwa trauti, besi, krapi, kambare na samaki wote wa ndoano, hapana. Hapa si Kigoma. Na samaki uliyemvua kwa leseni hii hauzwi, hata kwa jirani.

Mama Upendo
Trauti huwahi kulainika kuliko sato. Ukishaamua ni wa kula, muue papo hapo kwa kumgonga kisogoni, kata matamvua damu itoke, mpasue kutoka nyuma mpaka kidevuni, toa matumbo. Ndani kando ya uti wa mgongo utaona mstari mweusi wa damu. Ukwangue kwa ukucha wa dole gumba au kijiko mpaka uishe. Ukiachwa, nyama inakuwa chungu na harufu inabaki. Kisha kwenye barafu, si kwenye ndoo ya maji. Kumpara hakuna haja, magamba ni madogo yanaliwa na ngozi. Ila kichwa, mkia na ngozi usivitoe mkiwa bado ziwani, afisa lazima aweze kupima. Samaki wa mtoto wawekwe mbali na wako.

Chubwi Zito
Na kupe jamani. Ozarks, yaani vilima vya huko Branson, kuanzia Aprili nyasi za ukingoni zimejaa. Permethrini, dawa ya kuua wadudu, inapuliziwa nguo na viatu siku moja kabla, zikauke, haipakwi mwilini. Ngozini weka dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Kupe jike mwenye doa moja jeupe mgongoni ndiye anayeweza kukuachia mzio wa nyama nyekundu. Mtu anakula ng'ombe au mbuzi jioni, usiku wa manane anaamka na vipele, tumbo likimkata au pumzi ikibana, wala hafikirii kupe wa wiki kadhaa zilizopita. Mkijikagua angalieni nyuma ya magoti, kiunoni na nyuma ya masikio. Ng'oa kwa kibano, shika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta na kiberiti hapana.