Mwanamke peke yake Kariakoo kwa siku tano: nitaijuaje gesti iliyo salama kwa Sh 40,000?

Fundi wa Magauni, Songea

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani mwenye banda la kushonea magauni na sare za shule, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikipata vitambaa kwa kumwagiza mtu aliyeko Kariakoo. Mzigo wa mwisho ulikuja na marobota mawili ya rangi ambazo sikuziagiza, kwa hiyo safari hii nimeamua kwenda mwenyewe. Nitakaa Dar es Salaam siku tano, peke yangu, na nimetenga Sh 40,000 kwa usiku mmoja. Siwezi kuzidisha hapo, kwa sababu kila shilingi inayokwenda kwenye chumba inatoka kwenye mtaji.

Nina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba basi linaloondoka hapa alfajiri hufika Mbezi usiku, na sitaki kuanza kutafuta chumba saa hizo nikiwa na begi mkononi. Ya pili inatokana na yaliyonipata mwaka juzi katika nyumba moja ya wageni njiani, ambapo saa saba za usiku mtu alifungua mlango wangu kwa ufunguo, akaniona nimekaa kitandani, akasema amekosea chumba, akaondoka. Kitasa kilikuwa kizima na nilikuwa nimekifunga. Tangu siku hiyo nikilala ugenini naegemeza kiti mlangoni.

Mkinitajia majina ya nyumba nitashukuru, ila majina hubadilika na wenye nyumba hubadilika. Ninachokihitaji zaidi ni kujua nitazame nini kabla sijatoa pesa.

Mzee wa Pugu

Binti yangu, Dar es Salaam hakosekani ndugu. Mwanamke kulala gesti siku tano si jambo jema, na watu watasema. Tafuta hata shangazi wa mbali, ufikie nyumbani kwa watu, ule chakula cha nyumbani, na hiyo Sh 200,000 uinunulie vitambaa.

Fundi wa Magauni, Songea

Shikamoo baba. Ushauri wako nimeupokea kwa heshima, na kweli ninaye binamu Chanika. Lakini kutoka Chanika hadi Kariakoo kwa daladala, kwenda na kurudi, foleni inaimaliza siku, na maduka ya jumla hayamsubiri mtu. Isitoshe, mgeni haendi mikono mitupu. Mara ya mwisho nilipofikia kwa ndugu, sukari, mchele, mafuta na nauli za watoto vilinigharimu zaidi ya chumba, na sikuweza kulalamika kwa sababu walinipokea vizuri sana. Halafu kuna jambo la usalama wenyewe: kushuka kituoni saa tatu usiku na robota kichwani, kisha kupita vichochoro visivyo na taa hadi nyumbani kwa binamu, hakuniogopeshi kidogo kuliko gesti.

Binti wa Mapokezi

Dada, nilifanya kazi ya mapokezi kwa miaka sita katika nyumba mbili za wageni za Magomeni, kwa hiyo nitakueleza yale yanayoonekana na anayekaa nyuma ya kaunta.

Kwanza tazama ubao wa bei. Ukiona bei mbili, ya kulala na ya kupumzika, fahamu kwamba vyumba vya hapo hukodishwa pia kwa saa, na usiku kucha kutakuwa na watu wanaoingia na kutoka. Sisemi kwamba kila nyumba ya namna hiyo ina wezi. Mojawapo ya nyumba nilizofanyia kazi ilikuwa na bei ya kupumzika, na mama mwenye nyumba alikuwa mkali kuliko askari. Tatizo ni kwamba mgeni wa saa mbili mara nyingi haandikwi kitabuni, na mtu ambaye hakuandikwa hatafutiki asubuhi. Tena mlevi anayetafuta chumba namba 6 hugonga namba 9 bila aibu.

Kitabu cha wageni chenyewe kina mambo yake. Utaandika jina, kabila, utokako, uendako, kazi, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Andika ukweli, kwa maana siku ukipatwa na jambo, hicho ndicho kitakachoonyesha kwamba ulikuwepo. Lakini angalia kinawekwa wapi. Kikiwa kimelazwa wazi juu ya kaunta, kila anayekuja baada yako atasoma jina lako, namba yako ya simu, chumba chako, na kwamba umeingia peke yako. Nilikuwa na wageni wa kike waliopigiwa simu usiku na watu wasiowajua, wakadhani ni sisi wahudumu tuliotoa namba, kumbe aliyeisoma alikuwa amesimama pale akisubiri zamu yake ya kuandika. Mwombe mhudumu akifunge. Vilevile akikupa ufunguo huku akitangaza kwa sauti, "Dada, chumba namba 12, ghorofa ya pili," mbele ya wanaume watatu waliokaa kwenye sofa, omba ubadilishiwe chumba hapo hapo, na safari hii akuonyeshe namba bila kuitaja.

Sasa nije kwenye mlango, maana hapo ndipo ulipoumizwa. Kila chumba kina ufunguo zaidi ya mmoja. Ule wa akiba huning'inia kwenye misumari nyuma ya mapokezi, au hukaa kwa mfanya usafi, na kuna wageni wa zamani walioondoka na ufunguo na kitasa hakikubadilishwa. Kwa hiyo kitasa ni cha kumzuia mtu mwema tu. Kinachokulinda ukiwa ndani ni komeo. Kabla ya kulipa, ingia chumbani, funga mlango, kaza komeo, kisha uvute mlango kwa nguvu zako. Ukiona linacheza, au limeshikwa na skrubu mbili fupi kwenye mbao iliyooza, usikikubali chumba hicho hata kama shuka zake zinanukia. Na kwa kuwa unatoka Songea ambako mbao hazina tabu, nenda kwa seremala akuchongee kabari: kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa kiganja, upande mmoja mwembamba na mwingine mnene. Ukiisukuma chini ya mlango unaofungukia ndani, hata mwenye ufunguo atasukuma hadi achoke. Mlango ukiwa unafungukia nje haisaidii, kwa hiyo hilo nalo uliangalie.

Mwisho, uliza ni nani anayeshika zamu ya usiku. Watu wengi huzungumza na dada mchangamfu wa mchana, wakaridhika, kumbe kuanzia saa nne usiku yupo mlinzi mmoja tu getini na kaunta haina mtu.

Muuza Vitenge, Kyela

Aliyetangulia amesema kweli tupu. Mimi nafuata mzigo Kariakoo mara tatu au nne kwa mwaka, na naongezea yale niliyojifunza nje ya chumba.

Chumba huchaguliwa mchana. Ukifika usiku huchagui, unapokea. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku, mimi huondoka jioni ili niingie stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri. Nakaa ndani ya stendi, nakunywa chai, nangoja kupambazuke, ndipo naelekea mjini. Ukifika gesti saa mbili asubuhi utaambiwa vyumba havijaachwa, kwa kuwa wageni hutoka saa nne, na hilo lisikuudhi, kwa sababu muda huo ndio wa kutembelea nyumba tatu au nne na kuuona mtaa ukiwa na watu. Njia nyingine, kama hupendi kulala ndani ya basi, ni kushuka Msamvu, kulala Morogoro, na asubuhi kupanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Ilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Morogoro na Dar ilikuwa Sh 13,000, na stesheni ya Dar haiko mbali na Kariakoo.

Kuhusu mahali pa kulala, nianze na nyumba za taasisi za dini na za wanawake, ambazo wafanyabiashara wengi wanazipuuza kwa kudhani ni za wamisionari. YWCA iko pale Posta, Msimbazi Centre iko Ilala, Luther House iko Sokoine Drive karibu na kanisa la Azania Front, na Kurasini kuna kituo cha Baraza la Maaskofu. Huhitaji kuwa wa dhehebu lao. Usitegemee runinga kubwa wala baa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Piga simu mapema kuuliza bei ya sasa na nafasi, maana hujaa kukiwa na semina, na uulize geti hufungwa saa ngapi. Mimi nilipolala YWCA nilitembea kwa miguu hadi Mnazi Mmoja, na kutoka hapo Mtaa wa Uhuru, wenye kanga na vitenge, uko mbele yako.

Ukikosa nafasi huko, gesti za Kariakoo kwenyewe zina faida ya kuwa karibu na mzigo, lakini zifahamu. Mchana mtaa umejaa hadi hupati pa kukanyaga. Maduka yakishafungwa, na hasa Jumapili, kona hiyo hiyo inabaki na mbwa na taa moja. Kwa hiyo mtaa nao uutazame mara mbili, saa saba mchana na saa moja jioni. Nyingi ziko juu ya maduka. Mimi sikai chini kabisa, kwa sababu dirisha linafikiwa na mtu aliyesimama barabarani, na sikai juu sana pia. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 lilinifundisha kuuliza ngazi ziko ngapi na mlango wa nyuma unatokea wapi. Ghorofa ya kwanza au ya pili inanitosha. Dirisha lenye nondo zisizofunguka huzuia mwizi, ila moto ukizuka linakuzuia na wewe.

Usitume pesa yote kabla ya kukiona chumba. Wakitaka ulipe kwa Lipa Namba, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi na halifanani na jina lililo kwenye risiti, uliza. Lipa usiku mmoja kwanza. Ukilala salama, kesho yake lipa zilizobaki na uombe kupunguziwa, kwa kuwa mgeni wa siku tano anastahili kuheshimiwa.

Dereva wa Bajaji, Mbezi

Akishuka stendi asimpe begi mtu yeyote anayemkimbilia, hata akiwa na fulana ya kampuni ya basi. Aite usafiri kwa programu ya simu kama Bolt, au akubaliane bei kabla hajapanda, na amtajie dereva jina la mtaa au kanisa la jirani. Jina la gesti na siku atakazolala hatuhitaji kuyajua sisi madereva.

Fundi wa Magauni, Songea

Ndugu zangu, nimerudi jana na mzigo wangu, rangi zote nilizozitaka. Niliwaahidi wengine kwa ujumbe kwamba nitaeleza ilivyokuwa.

Niliondoka jioni kama alivyoshauri dada wa Kyela, nikasubiri Mbezi hadi jua likatoka. Ile nyumba ya taasisi niliyoitaka ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikazunguka. Ya kwanza, Kariakoo, ilikuwa na ubao wenye bei ya kupumzika, nikageuka bila kuuliza. Ya pili ilikuwa safi na ya bei nafuu, Sh 30,000, lakini komeo lilibaki mkononi mwangu nilipovuta, na mhudumu akacheka akasema hakuna aliyewahi kulilalamikia. Ya tatu iko Ilala, Sh 35,000, chumba chenye bafu ndani, ghorofa ya kwanza, komeo la chuma lililoingia ukutani. Kitabu kilikuwa kwenye droo. Zamu ya usiku ilikuwa ya mama mtu mzima ambaye aliniamkia kwa jina bila kutaja chumba. Nililipa usiku mmoja, na kesho yake nikalipa zilizobaki kwa Sh 32,000 kila usiku.

Niseme pia lililonisumbua. Usiku wa tatu mtu aligonga, saa tano hivi. Sikufungua. Niliuliza kwa sauti ni nani, akanyamaza, nikapiga simu mapokezi kwa namba niliyokuwa nimeiandika mapema, na yule mama akapanda ngazi mwenyewe. Alikuwa mgeni wa chumba cha jirani aliyetaka chaja ya simu. Labda kweli alitaka chaja. Lakini kabari ilikuwa chini ya mlango, komeo limekazwa, na mikono yangu haikutetemeka kama ile mara ya kwanza.

Mzee wangu wa Pugu, binamu wa Chanika nilimtembelea Jumapili na kilo mbili za sukari, tukala pamoja, nikarudi kabla ya magharibi. Hakununa.

Siku ya kuondoka yule mama wa zamu aliiona kabari nilipokuwa nafungasha, akaigeuzageuza, akaniuliza inauzwa duka gani. Nimemwachia. Jirani yangu seremala ananichongea nyingine, na ameniuliza kama wapo wengine wanaozihitaji.