Shamba la ekari 20 wilayani Kongwa: nianze kusafisha pori au kuweka uzio?

Mkulima wa Mlali

Wanajamvi, habari za majukumu. Nina shamba la ekari 20 wilayani Kongwa ambalo halijalimwa kwa miaka mingi, na sasa limefunikwa na vichaka vya migunga pamoja na mibuyu miwili upande wa juu. Ninakusudia kulima alizeti na mtama, na sehemu ndogo kupanda zabibu, lakini baada ya mavuno mifugo hupita humo kama ilivyo desturi ya huku kwetu. Mwenye katapila aliyekuja kuliona anasema atalisukuma lote kwa siku chache aliache jeupe, uzio uje baadaye. Fundi wa seng'enge naye anasisitiza kuwa uzio ndio utangulie. Fedha niliyonayo haitoshi kufanya yote kwa mkupuo mmoja. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu.

Opereta Mstaafu

Mkuu, wote wawili wanavutia kwao. Anza na mkuza wa mpaka tu, yaani njia iliyosafishwa kuzunguka shamba, upana wa mita nne hivi, ili trekta ya kuchimba mashimo ipite na baadaye ukusaidie kuzuia moto usivuke kutoka kwa jirani. Uzio ukisimama, ndani utasafisha kipande kwa kipande kadiri mfuko unavyoruhusu.

Hilo neno "jeupe" ndilo lililonishtua. Katapila yenye jembe bapa haichagui: inasukuma vichaka pamoja na udongo wa juu, na ukienda kuangalia yale malundo pembeni mwa shamba utakuta mizizi imeshikilia udongo mweusi wenye rutuba, huku shambani pamebaki ardhi nyekundu inayong'aa. Mwambie afunge reki ya meno, ambayo inang'oa visiki na kuacha udongo upite katikati ya meno, na malundo ayapange kukingama mteremko badala ya kuufuata. Kama hana reki, tafuta mwingine, hata kama saa yake ni ghali zaidi. Ziko pia mashine zinazosaga vichaka vikiwa vimesimama na kuyaacha mabaki chini kama matandazo. Kwa mkuza zinafaa sana, lakini kwa eneo la kulima hazitoshi, kwa sababu mizizi inabaki hai na mgunga unachipua upya mvua zikianza.

Jambo la pili ni majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili kwa kawaida, kwa hiyo kazi ifanyike Mei au Juni, wakati magari yanapita na ardhi bado ina unyevu. Ukisubiri Septemba, udongo wa Kongwa unakuwa kama saruji. Waingereza waliuonja hapo hapo Kongwa katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947: walileta matrekta na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba, wakawa wanaangusha pori kwa mnyororo mzito uliofungwa kati ya mashine mbili, na bado mwaka 1951 mradi ukafungwa. Upungufu wa mvua ulichangia, lakini ardhi hiyo ngumu nayo ilivunja majembe mengi.

Fundi Nguzo

Kabla ya kununua chochote, pima umbo la shamba. Ekari 20 zikiwa mraba, mzunguko wake ni kama mita 1,140, yaani nguzo 380 ukiziachanisha mita tatu, na nyuzi tano zitakula karibu mita 5,700 za waya. Ekari hizo hizo zikiwa ukanda wa upana wa mita 100, mzunguko unafika mita 1,820 hivi na nguzo zinapita 600. Ndiyo maana bei ya kukisia kwa ekari haina maana yoyote katika kazi hii.

Nguzo za kati ziende chini sentimita 60, za kona zisipungue 90 na ziwekewe mihimili ya mshazari, kwani kona ndiyo inayobeba mvuto wote wa waya. Keekee ya trekta, ile ya kuchimbia mashimo ya nguzo, inachimba haraka kwenye kichanga. Kwenye mfinyanzi mweusi, ambao huvimba ukiloa na kupasuka ukikauka, chimba zaidi na ushindilie kokoto. Mti usiotiwa dawa usinunue, mchwa wa Dodoma hawana subira. Na kama tatizo lako ni mbuzi, nyuzi tano hazitoshi. Weka wavu wa waya sehemu ya chini.

Mama Alizeti

Naongeza machache. Kabla ya mashine kushuka kwenye lobedi (trela ya kubebea mashine), watembeze majirani na viongozi wa kijiji kwenye mpaka, na makubaliano yaandikwe. Kama kuna njia ya mifugo ya kwenda kwenye maji, iache nje ya uzio. Ukiifunga, waya utakatwa usiku. Onana pia na afisa misitu wa wilaya kuhusu miti mikubwa, na usidhani kwamba mkaa utakaotokana nayo unaweza kuusafirisha bila kibali. Mibuyu iache, na baadhi ya migunga pia, kwa kuwa maganda yake ni chakula kizuri cha mbuzi wakati wa kiangazi.

Mkulima wa Mlali

Nashukuru sana. Shamba langu ni refu na jembamba, kwa hiyo hesabu ya Fundi imenigusa. Je, upande mmoja naweza kupanda minyaa badala ya waya?

Fundi Nguzo

Unaweza, na vipandikizi havina gharama kubwa. Uvipande karibu karibu mwanzoni mwa mvua, ila kwa miaka ya mwanzo utahitaji nyuzi mbili za waya au matawi ya miiba mbele yake mpaka visongamane. Wanaokata wajihadhari na utomvu wake usiingie machoni.

Opereta Mstaafu

Na uipande nje ya ule mkuza, siyo ndani yake, la sivyo trekta haitapita tena.