Uliacha shule njiani ukamaliza kidato cha nne kwa njia nyingine? Tupeane uzoefu

Mamdogo

Habari za jioni wakuu. Hapa nyumbani nina binti wa miaka 17, mtoto wa marehemu dada yangu. Mwaka jana aliacha shule akiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani wa upimaji. Hakufukuzwa. Mama yake aliugua miezi saba, yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha na kumlisha, na matanga yalipoanuliwa hakuna aliyemuuliza habari za shule, mimi nikiwemo.

Ukoo umeshakaa kikao: anunuliwe cherehani. Cherehani sina ubaya nayo, mimi mwenyewe nimesomeshwa na cherehani ya mama. Lakini juzi usiku nimemkuta jikoni na kitabu chake cha Biolojia cha kidato cha pili. Pale alipoishia ameweka njiti ya kiberiti. Nimelala vibaya siku ile.

Nasikia kuna mtihani unaoitwa QT, kuna vituo vya elimu ya watu wazima, kuna kurudi shule ya kawaida. Nawaomba mliopita huko, au mliompitisha mtu. Ni kitu gani hasa kilikufikisha mwisho?

Binti Kifaru

Dada pole kwa msiba.

Mimi nilipata ujauzito mwaka 2014, kidato cha pili kama binti yako. Enzi hizo ukikutwa na mimba ni barua mkononi na kwaheri. Nilikaa nyumbani miaka mitatu. Nilichokosa zaidi ni kuitwa kwa jina langu. Nilikuwa "yule aliyezalia nyumbani" tu, hata kisimani.

Aliyeniambia habari za QT ni mke wa kaka yangu. Mtihani wa Maarifa, ndilo jina lake. Ukimaliza darasa la saba unaweza kuufanya, na ukiufaulu unapata njia ya kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wifi alinipeleka kituoni mwenyewe, akakaa na mtoto wangu chini ya mwembe mpaka kipindi kikaisha. Alifanya hivyo wiki mbili nzima. Wiki ya tatu mwalimu akasema mtoto aingie ndani, atalala kwenye khanga pembeni ya ubao.

QT nilifanya 2018, kidato cha nne 2020. Nilipata daraja la tatu, pointi 24. Mwaka huo huo mwanangu alikuwa anaanza chekechea, asubuhi tunatoka pamoja kila mtu na begi lake. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kilichonifikisha, nitakwambia ni wifi na ile khanga. Masomo yalikuwa magumu kama yalivyo kwa watu wote.

Mwendesha 26

Nami nichangie, ingawa kuandika si kazi yangu.

Nilitoka kidato cha kwanza baba alipofariki. Nikauza maji, nikabeba zege, mwisho bodaboda. Nimerudi darasani nina miaka 26, nimekaa na vijana wa 17 na 18. Siku ya kwanza nilipaki pikipiki mbali kabisa ili wenzangu wa kijiweni wasione naingia wapi.

Kilichonisaidia ni muda. Masomo yalikuwa saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili. Asubuhi napeleka watu kazini, mchana napata hesabu ya bosi, alasiri naingia darasani, usiku narudi barabarani. Shule ya kuanzia saa moja asubuhi nisingeiweza hata ingekuwa ya bure.

Halafu kuna jambo moja la mwalimu wa Hisabati silisahau. Nilikuwa naogopa zile herufi, x na y. Akaniuliza, bosi unampa shilingi ngapi kwa siku? Nikamwambia elfu saba. Akaandika ubaoni: uliyokusanya ni x, toa 7,000, toa mafuta, kinachobaki mfukoni ni y. Akasema, "Huu ni mlinganyo, na wewe unaukokotoa kila usiku ukiwa umekaa kwenye pikipiki." Darasa zima wakanigeukia. Nilisikia joto usoni, lakini joto zuri.

Hisabati nilipata D. Ile D naipenda kuliko C zote za kwenye cheti changu.

Mwl wa Jioni

Nafundisha Kiswahili na Uraia kwenye kituo, huu ni mwaka wa tisa. Niseme yale ambayo wazazi hawaambiwi mapema.

Utaratibu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW) unakwenda kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, hatua ya pili ni cha tatu na cha nne, kila hatua mwaka mmoja. Miaka minne imekunjwa kuwa miwili. Kwa mtu wa miaka 20 mwenye familia hiyo ni neema, lakini maana yake pia ni kwamba ukikosa wiki mbili umekosa mwezi. Ndiyo maana mimi naogopa mahudhurio kuliko alama.

Kituoni kwetu mwanafunzi asipoonekana siku ya pili, tunapiga simu. Hatupigi kumgombeza, tunauliza: kuna nini nyumbani? Mara nyingi kuna kitu. Mtoto anaumwa, msimu wa kupalilia umefika, mume amekataa. Tukijua siku ya pili, tunapata la kufanya. Tukijua mwezi wa pili, yule ameshaondoka. Nimewapoteza wengi kwa namna hiyo kabla hatujaanza huo mtindo, na nyuso zao bado nazikumbuka.

La pili ni pesa. Shule za serikali zimekuwa bila ada mpaka kidato cha nne tangu 2016, lakini mtahiniwa wa kujitegemea ada ya mtihani anailipa mwenyewe. Usajili unafungwa miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe wa Novemba. Nimeona mtu amesoma mwaka mzima, anajua kila kitu, na tarehe imempita. Mamdogo, anza kuweka hiyo hela sasa, kidogo kidogo. Pia uliza kituoni kuhusu SEQUIP, mradi ambao wasichana walioacha shule wamekuwa wakisomeshwa kupitia vituo vya TEWW. Usione haya kuuliza.

Nguzo

Naunga mkono Mwalimu, na naongeza onyo kwa uchungu kabisa.

Mimi kituo kilichukua pesa yangu ya usajili na hakikunisajili. Kilikuwa cha mtu binafsi, jina silitaji. Nikasoma, nikalala na vitabu, Oktoba naulizia namba ya mtihani, naambiwa "inakuja". Haikuja. Nilikaa nje ya geti la shule siku ya mtihani wa kwanza nikiwatazama wenzangu wanaingia na rula zao.

Nilimaliza mwaka uliofuata kwingine, nashukuru Mungu. Lakini jamani, ukilipa, dai risiti na dai namba yako. Namba ya mtahiniwa wa kujitegemea inaanza na P. Kama huna P mkononi, hujasajiliwa, hata mwalimu mkuu akuapie.

Kaka wa Pili

Mbona hakuna aliyezungumzia kurudi shule ya kawaida? Tangu tangazo la serikali la Novemba 2021, aliyeacha kwa sababu yoyote, hata mimba, anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Mdogo wangu alirudi 2022, shule ile ile. Mkuu wa shule alimpokea getini mwenyewe na kumpeleka mpaka kwenye dawati. Wanafunzi walipoona vile, hakuna aliyethubutu kumcheka. Alimaliza vizuri.

Binti wa miaka 17 sioni kwa nini akimbilie kituoni. Shuleni kuna wenzake, kuna michezo, kuna maabara.

Binti Kifaru

Kaka nakubaliana na wewe kama mkuu wa shule ni kama huyo wenu. Rafiki yangu alirudi mwaka uleule, shule nyingine, mwalimu akamtolea mfano mbele ya darasa kila wiki. Alidumu muhula mmoja, akahamia kituoni na huko ndiko alikomalizia. Kwa hiyo nenda kaone uso wa atakayempokea kabla hujaamua. Mimi karatasi ya ruhusa haitoshi kunituliza.

Mwl wa Jioni

Kaka wa Pili ana hoja, tena kwa masomo ya sayansi shule ya kawaida ina nguvu kuliko sisi. Ila tumuulize binti mwenyewe. Kuna wanaotamani sare, na kuna ambao wakiiona sare tu wanarudia siku waliyoondoka. Aliyeuguza mama miezi saba si mtoto tena kwa namna ile ya wenzake, na wakati mwingine hawezi kukaa nao.

Mamdogo

Wakuu nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Nimemuuliza leo, tukiwa tunachambua mchele. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema shule ya zamani hawezi, kwa sababu dirisha la darasa lao linatazama njia ya hospitali, na ile njia alikuwa anaipita na mama yake. Sikuwa najua hilo.

Nimeongea na kaka zangu. Cherehani itanunuliwa, asubuhi atashona, alasiri atasoma. Kaka mkubwa amenuna lakini ada ya mtihani amesema atatoa yeye.

Kesho kutwa tunakwenda kituoni. Mwalimu, niende na nini? Cheti chake cha darasa la saba ninacho, nakala inatosha?

Mwl wa Jioni

Njoo na cheti halisi pamoja na nakala, na picha ndogo mbili. Na uje naye. Fomu aijaze kwa mkono wake, wewe kaa pembeni.