Picha za ndani za nyumba inayouzwa: simu, kamera ya kukodi au samani za kuchorwa?

Jirani wa Kiamunyi
Wadau, hamjambo. Kuna bangaloo ya vyumba vitatu hapa Kiamunyi, Nakuru, iko tupu na inatangazwa wiki ijayo. Picha za nje zipo tayari. Za ndani, njia ni tatu: kupiga kwa simu, kumwita mpiga picha mwenye kamera na lenzi pana, au kupiga vyumba vikiwa vitupu halafu kompyuta ichore sofa na vitanda. Ipi inafaa, na kila moja huharibikia wapi? Wanunuzi wanaolengwa wengi wako Nairobi na ng'ambo.

Fundi Lenzi
Nyumba ya ukubwa huo simu inaitosha, mradi usiiguse ile lenzi ya 0.5, yaani ile pana kupita kiasi. Inavuta kingo za picha. Tazama sakafu: tailsi ya sentimita 60 kwa 60 ni mraba, lakini kwenye picha ya 0.5 ile iliyo pembeni karibu na miguu yako inaonekana kama mlango uliolazwa. Mnunuzi aliye mbali huzihesabu hizo tailsi. Sita ni mita 3.6, basi. Akihesabu sita na chumba kikaonekana kama ukumbi wa harusi, ameshajua anachezewa, na hata yale ya kweli uliyoandika hatayaamini.

Tumia 1x, lenzi ya kawaida ya simu. Kama chumba hakiingii chote, rudi nyuma hadi usimame mlangoni au hata koridoni. Futa lenzi kwa kitambaa laini kwanza, kwa sababu mafuta ya vidole hugeuza dirisha kuwa ukungu mweupe. Washa mistari ya gridi, simu ilale kwa upana, kimo chake kiwe kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Usiielekeze juu wala chini: ukiinamisha tu, kuta zinaegemeana na grili za dirisha zinapinda. Jikoni pandisha kidogo, kama mita 1.4, ili sehemu ya juu ya kaunta ionekane.

Halafu gusa skrini kwenye ukuta ulio kando ya dirisha, shikilia mpaka mwanga ujifunge, ushushe kidogo. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise simu.

Mama Ploti
Fundi, kwa vyumba vya kulala nakubali. Sebule yenye dirisha kubwa ni hadithi nyingine. Simu italazimika kuchagua: ama dirisha liungue liwe karatasi nyeupe na grili zimezwe na mwanga, ama ukuta uwe giza. HDR ya simu (inayounganisha picha za mwanga tofauti) inasaidia, ila ikizidishwa rangi ya ukuta inakuwa kijivu chafu na mnunuzi anadhani ni unyevu.

Mpiga picha anayejua kazi yake anasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, anaweka ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga) na f/8 (tundu la lenzi), anapiga picha tatu bila kusogeza chochote: moja ya kawaida, moja ya giza zaidi kwa hatua mbili, moja ya mwanga zaidi kwa hatua mbili. Kisha anaziunganisha. Mtu aliyeiga mtandaoni anafanya hivyo akiwa ameishika kamera mkononi, ndiyo maana unaona fremu ya dirisha ina kivuli cha pili.

Kabla ya kumlipa, muulize mambo mawili. Lenzi ni ya milimita ngapi? Kwenye kamera ya fremu nzima (full frame, yenye kihisi kikubwa), 20 hadi 24 inatosha. Akisema 14 yuko palepale pa 0.5 ya simu. Na balbu atazizima au ataziwasha? Balbu za njano pamoja na mwanga wa mchana hutoa ukuta mmoja wa chungwa na mwingine wa buluu, na hakuna programu inayosafisha hilo vizuri. Zizimwe. Kama lazima ziwake, stima yetu ni ya hezi 50, na LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata (muda kamera inapopokea mwanga) iwe sekunde 1/50 au 1/100, la sivyo mistari ya giza itapita katikati ya picha.

Dalali wa Riat
Mnabishana kuhusu vyombo na saa hamjaitaja. Kisumu kwetu na Nakuru kwenu ziko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, paa linalikinga, ndani kunakuwa na giza huku uwanja ukiwaka. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, na ndiyo saa ambayo watu wengi hupata nafasi!

Vyumba vinavyotazama mashariki piga alasiri, vya magharibi piga asubuhi kama saa tatu au nne, ili jua lisiingie moja kwa moja na kuchora kivuli cha grili sakafuni. Wingu jepesi ni bahati, usilikimbie. Kwa Kisumu usiahirishe hadi jioni, maana mvua ya ngurumo hupenda saa hizo. Nakuru tatizo ni vumbi: osha vioo siku hiyohiyo, kwa sababu vumbi ambalo jicho halilioni hung'aa mwanga ukitokea nyuma yake.

Na msifiche doa la dari. Likionekana kwenye picha, anayepiga simu anakuja akiwa na bei ya ukarabati kichwani. Likifichwa, mnapotezeana nauli ya Nairobi.

Kalamu na Rula
Kuhusu samani za kompyuta: naziogopa, ingawa chumba kitupu kweli hakimwambii mtu kitanda kitakaa wapi. Kosa lake kubwa ni vipimo. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni kama mita 1.5 kwa 1.8, na mlango wa kawaida una upana wa mita 0.9. Kwa hiyo wakisimama umbali mmoja, kitanda lazima kiuzidi mlango kwa zaidi ya nusu. Kikilingana nao, kompyuta imekichora kitoto ili chumba kionekane kikubwa. Angalia pia kama sofa haijaziba soketi au njia ya kuingia jikoni.

Ukizitumia, andika juu ya picha yenyewe kwamba samani zimechorwa, maana maelezo ya chini hupotea picha ikisambazwa. Picha tupu ya chumba hichohicho ifuate mara moja.

Jirani wa Kiamunyi
Asanteni sana. Basi simu kwa vyumba vya kulala, mpiga picha kwa sebule na jikoni, saa nne. Je, bafu? Ni mita 1.5 kwa 2, na kioo kinanionyesha mimi kila ninaposimama.

Fundi Lenzi
Simama nje ya mlango, upande mmoja wa fremu, ili kioo kionyeshe ukuta. Kifuniko cha choo kishushwe, ndoo na brashi zitoke. Picha moja inatosha.

Mama Ploti
Na ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti. Zikienda kama picha zinabanwa na vitu vidogo vinapotea. Kabla ya kupiga, zima mahali (location) kwenye kamera, kwa sababu simu huandika ndani ya faili nyumba ilipo, na nyumba hiyo haina mtu.